Sauti ya Robeson, Mkasi wa Wengine

Mwaka 1934, katika studio za Shepperton nje kidogo ya London, ulijengwa mji mzima wa Kiafrika. Vilikuwepo vibanda vya nyasi, mitumbwi, ngoma, na wanaume weusi waliokusanywa kutoka bandari za Uingereza, wengi wao mabaharia na makuli, wakavishwa ngozi na kushikishwa mikuki. Mmoja wa waliopata nafasi ndogo ya kucheza chifu alikuwa Mkenya aliyekuwa akiishi London kwa kubangaiza, jina lake Jomo Kenyatta. Na mtu ambaye kamera zote zilimwelekea alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka 36, mwenye kifua kipana, urefu wa karibu mita 1.9 na sauti nzito iliyokwisha kujaza kumbi za Ulaya na Marekani: Paul Robeson.

Filamu hiyo, Sanders of the River, ilitoka mwaka 1935 na ikajaza watu. Robeson mwenyewe aliijutia. Alikuwa ameingia akiamini anakwenda kuuonyesha ulimwengu utamaduni wa Mwafrika. Ilipotoka, akajikuta amepamba utawala wa mkoloni kwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwaje mtu msomi, mwanasheria, aliyekuwa akisoma lugha za Kiafrika wakati huohuo, akaingizwa mjini namna ile?

Jibu jepesi ni kwamba alidanganywa. Lakini ukizitazama filamu zake zote kwa mfuatano, tangu 1925 hadi 1942, unaona jambo kubwa zaidi ya udanganyifu wa siku moja. Robeson alikuwa na kila kitu kinachomfanya mtu kuwa nyota: umbo, sura, sauti, elimu, jina. Kilichokosekana ni mamlaka juu ya kile kinachofanyika baada ya mwigizaji kwenda nyumbani, pale mhariri anapokata na kuunga. Safari yake yote ya sinema ni ugomvi juu ya mkasi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma na kuwa mchungaji. Mama yake, mwalimu, alifariki kwa ajali ya moto nyumbani Paul akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1915 alishinda ufadhili wa kusoma chuo cha Rutgers, ambako aliwahi kutanguliwa na wanafunzi weusi wawili tu katika historia nzima ya chuo. Wachezaji wenzake wa timu ya futiboli ya Kimarekani walimkaribisha kwa kumpiga na kumuumiza mazoezini. Alirudi uwanjani, akateuliwa katika kikosi bora cha taifa mwaka 1917 na tena 1918, kisha 1919 akawa ndiye mwanafunzi aliyetoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wahitimu. Akaenda kusoma sheria Columbia, akahitimu 1923. Uwakili haukudumu: katika ofisi aliyoajiriwa New York, karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyokuwa akimsomea. Robeson akachukua kofia yake akaondoka.

Jukwaa ndilo lililomfungulia mlango. Mwaka 1924 aliigiza tamthilia mbili za Eugene O'Neill, na mwaka uliofuata, akiwa na mpiga piano Lawrence Brown, akafanya onyesho zima la nyimbo za kiroho za watu weusi mjini New York. Mke wake, Eslanda Goode, mwanamke mwenye kichwa cha biashara kuliko mumewe, ndiye aliyekuwa akizisimamia shughuli zake. Bila Eslanda huenda tungekuwa na wakili mmoja zaidi anayeimba bafuni.

Filamu yake ya kwanza ilitengenezwa na mtu mweusi. Oscar Micheaux alikuwa mtengenezaji wa sinema aliyeandika, kuongoza na kuuza kazi zake mwenyewe, mji hadi mji, kwenye majumba ya sinema ya watu weusi. Katika Body and Soul ya mwaka 1925, filamu isiyo na sauti, alimpa Robeson nafasi mbili kwa pamoja: mhalifu aliyetoroka gerezani na kujigeuza mchungaji, na ndugu yake, kijana mpole mwenye akili ya uvumbuzi. Mama mmoja mcha Mungu amehifadhi akiba yake ya miaka ndani ya Biblia. Mchungaji bandia anaiiba, anamharibu binti wa mama huyo, na binti ndiye anayebebeshwa lawama. Robeson anatisha kweli katika nafasi hiyo. Hatumii sauti, kwa kuwa sauti haipo. Anatumia mabega, macho na tabasamu la mtu anayejua waumini hawawezi kumshuku. Lakini hata hapa mkasi ulipita. Bodi ya ukaguzi ya New York iliona filamu inawatukana watumishi wa Mungu, Micheaux akalazimika kuikata upya, na katika toleo lililobaki mama anazinduka usingizini, kana kwamba uovu wote ulikuwa ndoto.

Miaka minane baadaye ikaja The Emperor Jones. Hii ilikuwa filamu ya kumtangaza Robeson jina la kwanza, huku mwigizaji mzungu, Dudley Digges, akiwa chini yake, jambo ambalo halikuzoeleka kabisa mwaka 1933. Brutus Jones ni mhudumu wa mabehewa ya treni anayeua mtu, anafungwa minyororo na kuvunjishwa mawe, anatoroka, na kuishia kuwa mfalme wa kisiwa kimoja cha Karibi. Kuna mahali mtazamaji makini atashtuka. Mlinzi mzungu anampiga mfungwa mwenzake Jones. Jones anainua sepetu. Halafu, ghafla, tunamwona amekwisha kukimbia. Pigo lenyewe halipo. Wakaguzi hawakukubali mtu mweusi aonekane akimpiga mzungu, basi wakatoa kipande, na hadithi ikaruka kama redio iliyokatika umeme.

Haikuishia hapo. Fredi Washington, mwigizaji mweusi mwenye ngozi nyeupe, alipakwa rangi nyeusi zaidi kwa sababu wakubwa wa studio waliogopa watazamaji wangedhani Robeson anambusu mwanamke wa Kizungu. Yaani mwanamke mweusi ilibidi ageuzwe mweusi ili filamu iruhusiwe. Kazi za sanaa za enzi hiyo zinataka zisomwe pamoja na maagizo kama hayo, la sivyo tutawalaumu waigizaji kwa maamuzi ambayo hawakuyafanya.

Wakati huo Robeson alikuwa amehamia London, ambako alikuwa tayari amecheza Othello mwaka 1930 pamoja na Peggy Ashcroft. Ndipo Afrika ilipomwingia kichwani. Alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki mjini humo, akasoma Kiswahili pamoja na lugha nyingine za bara hili, akaanza kuandika kwamba Mmarekani mweusi hana haja ya kuiga Uzungu wakati ana urithi wake mwenyewe. Alikaa na wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakipanga siasa za uhuru katika vyumba vya baridi vya London. Kwa hiyo Alexander Korda, mtayarishaji mwenye asili ya Hungaria, alipomwambia kwamba ndugu yake Zoltan amerudi kutoka Afrika na picha halisi za ngoma, mito na watu, Robeson aliona ni bahati iliyomfuata mlangoni.

Sanders of the River imetokana na hadithi za Edgar Wallace. Sanders ni kamishna wa Kiingereza nchini Nigeria anayetawala mamilioni ya watu kwa bakora na busara. Bosambo, nafasi ya Robeson, ni mtoro kutoka Liberia anayejipenyeza hadi kuwa chifu, na uaminifu wake kwa Sanders ndio unaomfaa. Sanders akiondoka, makabila yanaanza kuchinjana. Akirudi, amani inarudi. Filamu inafunguliwa kwa maandishi ya kuwasifu Wazungu wachache wanaolinda amani ya Mfalme barani Afrika.

Baadaye Robeson alieleza kwamba mwelekeo huo wa kuutukuza ukoloni ulichomekwa katika siku za mwisho za upigaji picha. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, kwa sababu maandishi ya mwanzo na mpangilio wa matukio huwekwa mezani kwa mhariri, ambako mwigizaji haitwi. Lakini hayamtoshi mtu anayemjua Edgar Wallace. Hadithi zake zilikwisha kuuzwa madukani kwa zaidi ya miaka 20, na ndani yake kamishna ndiye baba na Waafrika ndio watoto, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ni vigumu kuamini kwamba Robeson hakuzijua. Alichoamini ni kwamba ukweli wa ngoma na nyimbo ungeshinda uongo wa hadithi, na hilo ndilo kosa lake. Nyimbo anazoimba Bosambo akipiga makasia, zilizotungwa na Mischa Spoliansky, ni tamu hadi leo, na utamu huo ndio uliofanya dawa ya Wallace imezeke kwa urahisi. Marcus Garvey, ambaye naye alikuwa London, alimshambulia Robeson kwa maandishi bila kumumunya maneno.

Tangu hapo Robeson alianza kudai mkasi. Mkataba wake wa Song of Freedom, ya mwaka 1936, ulimpa neno la mwisho juu ya filamu itakavyotoka. Hili halikusikika kwa mwigizaji mweusi wa wakati ule, na hata kwa wengi weupe. Anacheza John Zinga, kuli wa bandari ya London anayegunduliwa kuwa mwimbaji, kisha akagundua kuwa ni mrithi wa ufalme wa kisiwa kimoja Afrika magharibi. Nusu ya kwanza inapendeza: mtu mweusi mwenye mke anayempenda, majirani wanaomheshimu, kazi ya kawaida, vicheko vya kawaida. Nusu ya pili inaporomoka. Kisiwa kimejaa waganga na ushirikina, na Zinga anatua kama msomi kutoka Ulaya anayekuja kuwazindua watu wake. Mkataba ulimpa Robeson haki ya kukataa. Haukumpa mwandishi anayeijua Afrika.

Mwaka 1937 zilitoka filamu tatu kwa mkupuo. Moja ilikuwa King Solomon's Mines, hadithi ambayo vizazi vya wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa tafsiri ya Frederick Johnson. Robeson ni Umbopa, mpagazi ambaye kumbe ni mfalme. Ndani ya filamu hiyo kila Mzungu anaonekana mdogo akisimama karibu naye, ingawa hadithi inamtaka yeye awatumikie. Big Fella ni vichekesho vya bandari ya Marseille, vyepesi, na vinasahaulika upesi. Jericho ilimpeleka Misri, ambako anacheza askari mtoro anayegeuka tabibu na kiongozi wa watu wa jangwani.

Misri ndiyo ilikuwa mwisho wa safari zake katika bara hili. Aliyetangulia kusafiri ndani zaidi ni Eslanda, aliyekwenda mwaka 1936 na mtoto wao mdogo hadi Afrika Kusini na Uganda, ambako alipokelewa Toro kwa msaada wa Akiki Nyabongo, mwana wa ukoo wa kifalme aliyekuwa akisoma Oxford. Safari hiyo ilizaa kitabu chake, African Journey, kilichotoka 1945. Paul mwenyewe, aliyemwigiza Mwafrika mara nyingi kuliko nyota yeyote wa enzi yake, hakupata kukanyaga kusini mwa Sahara.

Hollywood nayo ilimwita. Katika Show Boat ya mwaka 1936 James Whale alimpa Joe, kibarua wa bandarini asiye na kazi kubwa katika hadithi. Lakini Whale alijua ana nini mikononi. Robeson anapoanza kuimba Ol' Man River, ameketi gatini. Kamera inamzunguka taratibu, inamkaribia hadi uso wake unajaza skrini, kisha zinakuja picha za wanaume wanaobeba marobota ya pamba huku migongo imepinda. Dakika chache, na zimeishi kuliko filamu nyingine nyingi za mwaka ule. Miaka iliyofuata, Robeson akiwa peke yake jukwaani, alibadilisha baadhi ya maneno ya wimbo huo, yale ya kukata tamaa akayafanya ya kupigana. Jukwaani hakuna mhariri.

Filamu aliyoipenda mwenyewe kuliko zote ni The Proud Valley, iliyotoka 1940 chini ya mwongozaji kijana Pen Tennyson. Uhusiano wake na wachimba makaa wa Wales ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, alipokutana na kundi lao London wakiwa wametembea kwa miguu kutafuta msaada, akaimba nao. Ndani ya filamu ni David Goliath, baharia mweusi anayezurura kutafuta kazi. Anapita chini ya dirisha la ukumbi ambamo kwaya ya wachimbaji inafanya mazoezi. Anaitikia kutoka barabarani. Ndani, kiongozi wa kwaya anasikia besi isiyo ya mtu wake yeyote, na anaanza kuitafuta kwa macho. Ndivyo David anavyopata nyumba, kitanda na kazi mgodini. Mchimbaji mmoja anapolalamika kuletewa mtu mweusi, anajibiwa na wenzake kwa mzaha kwamba wakiwa chini kwenye vumbi la makaa wote ni weusi.

Hapa hakuna ngozi wala mikuki. Robeson ni mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi, na anaigiza kwa utulivu ambao haupo popote kwingine katika filamu zake zenye sauti. Hata hivyo, mambo mawili yanakera. Vita vilianza wakati filamu inatengenezwa, na mwisho wake ukageuzwa: badala ya wachimbaji kuufungua mgodi kwa nguvu zao wenyewe, wanakwenda kuwabembeleza wamiliki kwa ajili ya taifa. Na mwishowe, wanapokwama chini ya ardhi na mmoja wao anatakiwa kufa ili wengine wapone, kura inamwangukia kijana wa Kiwelshi. David anampiga ngumi ya kumzimisha na kufa badala yake. Mtu mweusi anakufa ili Mzungu arudi kwa mchumba wake. Hadithi ya namna hiyo sinema imeirudia hadi vizazi vya baadaye.

Akafunga mlango mwaka 1942. Tales of Manhattan ni filamu ya vipande vinavyounganishwa na koti moja linalopita mikononi mwa watu tofauti. Katika kipande cha mwisho koti linaanguka kutoka kwenye ndege, limejaa fedha, na wakulima weusi maskini wanaamini ni muujiza. Robeson alitarajia kionyeshwe kisa cha watu wanaogawana ardhi na mali. Kilichotoka ni kilekile cha watu weusi wanaoimba na kutoa macho. Aliikana hadharani, akasema waandamanaji wakija kuipinga atasimama nao, na akatangaza kwamba hatacheza tena Hollywood. Alikuwa na miaka 44, umri ambao nyota wengi wa kiume wa wakati ule walikuwa ndio kwanza wanakomaa. Hakucheza filamu ya hadithi tena.

Wapo wanaosema alikosea, kwamba angebaki angebadilisha mambo kutoka ndani. Hattie McDaniel, aliyecheza naye Show Boat, alibaki. Alipata Oscar mwaka 1940 kwa nafasi ya mtumishi wa nyumbani, na akaendelea kupewa za watumishi. Robeson alikuwa na pa kwenda. Oktoba 1943 alirudi na Othello kwenye Broadway, akiwa na Uta Hagen na José Ferrer, na igizo hilo likaonyeshwa mara 296, rekodi ya Broadway kwa kazi ya Shakespeare. Walipolipeleka miji mingine, alikataa kucheza katika kumbi zinazowatenga watazamaji kwa rangi. Masharti aliyoyatafuta kwenye sinema bila mafanikio ya kudumu, jukwaa lilimpa.

Halafu ikaja siasa, na hapo ndipo jina lake lilipofutwa. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, lililopinga ubaguzi wa Afrika Kusini na, katika miaka ya hali ya hatari, likawatetea watu wa Kenya. Aliunga mkono pia Muungano wa Kisovieti waziwazi, akapokea tuzo yenye jina la Stalin, na akanyamaza hadharani juu ya mauaji ya utawala ule, hata baada ya rafiki zake wa Moscow kukamatwa. Kimya hicho ni doa, na wanaomwandika kama malaika hawamtendei haki. Lakini adhabu aliyopewa ilizidi mno. Mwaka 1949, ghasia za Peekskill, jimbo la New York, ziliwaumiza watu waliokuja kumsikiliza. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, ikamrudishia 1958 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu. Kumbi zikafungwa, kipato kikaporomoka, na kwa Wamarekani waliokua miaka ile lilikuwa jina ambalo halitajwi.

Mwaka 1957 aliwaimbia wachimbaji wa Wales akiwa New York, kwa simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki, nao wakamwimbia. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Akipimwa kama mwigizaji wa sinema peke yake, Robeson aliacha kazi pungufu kuliko kipaji chake. Filamu zake zina dakika kumi kumi za ajabu ndani ya hadithi dhaifu, na hakuna hata moja inayosimama mwanzo hadi mwisho bila kutoa udhuru. Lakini alikuwa wa kwanza mwenye jina kubwa kudai kwa maandishi kwamba mtu mweusi awe na kauli juu ya picha yake, na aliyeondoka alipokataliwa. Sidney Poitier, aliyekuja kucheza Kenya katika filamu ya Mau Mau iliyotoka 1957 na baadaye akapata Oscar ya mwigizaji bora, ndiye aliyesimulia filamu fupi ya kumuenzi Robeson, iliyotoka 1979 na nayo ikashinda Oscar.

Body and Soul, The Emperor Jones na Show Boat sasa zimo katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu anayetaka kuanza kumtazama Robeson asianze na Sanders. Aanze na The Proud Valley, aende Body and Soul, kisha atafute ile sehemu ya wimbo katika Show Boat. Sanders aiweke mwisho, na atakapoitazama, awaangalie machifu wanaosimama nyuma ya Bosambo, maana mmoja wao alikuja kuwa rais.